Samaki ya dembo na chakula yao yenye macho haioni

Mvua ya kwanza ikianguka hapa Lubumbashi, pale mwezi wa kumi unaisha ao wa kumi na moja unaanza, watoto wa katie yetu wanatoka na basani kuokota inswa chini ya lampi, wamama wanaanza kuhesabu siku za kupanda mahindi, na mimi naingia chini ya kitanda natosha karto moja yenye iko na sashe za tope kavu. Mu ile tope muko samaki. Ni kusema muko mayai ya samaki, imelala tangu miezi minne mitano, na iko mizima.

Ni wale samaki wadogo wa dembo, ni kusema bonde ya nyasi yenye inajaa maji wakati wa mvua, jamii ya Nothobranchius. Kwetu Katanga wako wa aina mingi, na wazungu wa siansi waliwaandika zamani, kuko moja Max Poll alimupatia jina mwaka 1938, Nothobranchius brieni, wa upande wa Bukama, na kisha mwaka 1978 kukatoka ingine yenye inabeba jina yake yeye mwenyewe, Nothobranchius polli. Dume ni rangi tupu, nyekundu na bluu sawa kitenge ya fete, jike ni kijivu hivi hivi. Wanaishi mu viziba vyenye vinajaa maji wakati wa mvua, na kiziba ikikauka wote wanakufa, baba mama wote, wanaacha mayai tu mu matope, na ile mayai inangojea mvua ya mwaka ingine. Mi wangu niliwaleta mu bidoni kutoka upande wa Kasenga, mwezi wa pili, na wakati nilifika nao ku nyumba wazima nilifurahi sana, nilizani kazi imeisha.

Kumbe kazi njo ilikuwa haiyaanza. Kulala mayai, wanalala mingi, unawawekea bakuli ya tope ya laini chini ya akwariyumu wanalala kila siku. Kukausha ile tope, si ngumu, unaikamua mpaka inabakia na unyevu kidogo sawa tumbaku ya kuvuta, unaifunga mu sashe, unaandika tarehe. Kuangua watoto, ni maji tu. Mambo yenye inauma ni ya kisha pale: hawa watoto watakula nini?

Mara yangu ya kwanza niliweka maji mu sashe moja na kisha masaa kama mane nikaona vidude vinatembea, naweka lampi ya telefone, nahesabu, 40 na kitu. Vidogo, milimeta nne ao tano, macho mbili na mukia, basi. Nilikuwa nilisikia mutu anasema unapondaponda njano ya yai ya kuchemsha unawapatia. Nikafanya vile. Ile njano ilienda chini, watoto wakapita juu yake sawa vile ni jiwe, hawaiangalie hata, na kesho yake asubuhi maji ilikuwa nyeupe na inanuka. Nikabadilisha maji, nikaweka tena kidogo, tena ikaoza. Siku ya ine hakubakia hata moja. Ile siku niliona roho mubaya kabisa juu wale samaki walivumilia jua ya mwezi wa tisa mu karto, walivumilia safari, na wakakuja kufa njaa mu mikono yangu, mu maji yenye chakula imejaa.

Sababu nilikuja kuielewa pole pole. Mutoto wa samaki hakuli kwa harufu kwa kuanza, anakula kwa macho. Kitu yenye haitembei, kwake haiko chakula. Anabaki anasimama mu maji, anaona kitu inatikisika mbele yake, anakunja mukia sawa herufi S, anaruka anaimeza. Njano ya yai haitikisike. Tena kinywa yake ni ndogo kupita vile unafikiri, kitu ya nusu milimeta kwake inaweza kuwa bukari nzima. Na watoto wa samaki wengi wanazaliwa na kamfuko ka njano ku tumbo kenye kanawalisha siku mbili tatu, lakini hawa wa dembo wanatoka mu yai wakiwa tayari, walisha kulalia mo miezi, siku ile ile wanatafuta kula. Ukianza kutafuta chakula saa yenye unawaona, umechelewa juma nzima.

Mwaka wenye ulifuata nilirudi ku dembo na bokali ya kioo, ile ya konfitiri. Nikachota maji ya kiziba kenye kalikuwa kamejaa siku chache tu, nikainua ku jua. Mutoto wa dada yangu tulikuwa naye, eko na miaka tisa, macho yake inapita yangu, akasema, «Yomba, hii maji inatembea.» Na kweli maji yote ilikuwa inatembea. Vumbi nyeupe inapanda inashuka, vidudu vyekundu vinaruka ruka, vingine vinazunguka sawa gurudumu. Viziba vile vilikuwa vumbi mwezi mbele yake, ng'ombe zilipita mo. Njo pale nilielewa: ile mvua haiamushe samaki peke yake. Inaamusha na chakula yake. Vidudu vile navyo vinaacha mayai mu matope, vinalala pamoja na ya samaki, na maji ikifika vinaamuka pamoja, ao vinatangulia kidogo. Kuko Muholandi moja wa zamani, Leeuwenhoek, mwaka 1702 alichukua vumbi kavu ya mu mufereji wa paa yake, akaweka maji, akaona kwa kioo yake vidudu vinafufuka vinaanza kuogelea. Mu dembo yetu inafanyika vile kila mwaka na hakuna mutu anainama kuangalia.

Kwa hiyo sasa mi naanza na chakula. Sashe ya samaki haiguswi mpaka bokali zisimame.

Ya kwanza ni maji ya nyasi. Nachukua mukono moja ya nyasi kavu ya dembo, naichemsha dakika kumi hivi mu maji, naiacha ipoe, namimina yote mu bokali ya litri mbili, kisha naongeza kikombe ya maji kutoka mu akwariyumu ya zamani, kule chini chini kwenye majani inaozea, juu kule njo kunakuwa mbegu ya vidudu. Nafunika na kitambaa ya neti, na hapa nasema na nguvu: usiache wazi. Bokali wazi mu Lubumbashi ni nyumba ya mbu, na malaria tuko nayo ya kutosha. Siku ya pili, ya tatu, maji inakuwa nyeupe sawa ile yenye uliosha nayo muchele, na inanuka, inanuka kabisa. Bibi yangu alisema, «Papa, ile kitu utoshe mu jikoni yangu leo leo,» na alikuwa na haki, sasa inakaa ku baraza. Ile nyeupe ni bakteria, haiko bado chakula ya samaki, na wengi njo pale wanatupa wakizani imeharibika. Ngojea. Siku ya tano, ya sita, ya saba, maji inaanza kusafika yenyewe, harufu inapunguka inakuwa ya udongo, juu wale vidudu wakubwa kidogo, paramesiamu na wenzake, wamekula bakteria. Unazima lampi ya nyumba, unaweka torshi pembeni ya bokali, unaona juu kabisa wingu ya vumbi nyeupe yenye inaenda kwa akili yake, haishuke sawa vumbi. Mmoja ni kama robo ya milimeta ao chini yake. Nachota na seringi bila shindano, pale juu, natia mu basani ya watoto, matone kumi ishirini, asubuhi na mangaribi.

Ya pili ni minyoo midogo, ile yenye wanaitaka mikrowemu, na hii naipenda juu inakula chakula yetu. Napika bukari laini, laini sana sawa uji wa muzito, naipoesha, nalaza mu kopo ya margarini kimo ya kidole moja, nanyunyiza levire kidogo sana juu, kisha naweka kijiko kidogo ya minyoo kutoka kopo ya zamani. Ile ya kwanza lazima upewe na mutu. Kifuniko natoboa matundu, naweka kitambaa juu ya nzi. Kisha siku tatu mpaka tano, angalia ukuta ya kopo na lampi: inang'aa, na ule mung'ao unatembea, unapanda, unachora mistari sawa mizizi ya muti, na ile mistari ni minyoo elfu na elfu imebebana inapanda. Hazilali mayai, zinazaa watoto wazima moja kwa moja, njo maana zinaongezeka haraka vile. Unapangusa ukuta na kidole safi, unasukutua kidole mu kikombe ya maji, unatia. Ubaya yake ni kwamba zinaenda chini na zinaishi mu maji karibu siku moja tu, zenye hazikuliwe zinafia kule zinaozesha, kwa hiyo kidogo, kidogo, kidogo. Kisha juma tatu hivi bukari inakuwa majimaji na inachacha, unahamisha. Mi niko na makopo mawili siku zote, ya tatu kwa rafiki yangu wa Katuba, ili yangu ikikufa niende kuomba, na yake ikikufa akuje kwangu.

Ya tatu njo mfalme, artemia, kadudu kadogo ka maji ya chumvi. Kwa watoto wa Nothobranchius wenye nguvu haina mwenzake, wakubwa wao wanaimeza siku ya kwanza, wadogo siku ya pili ya tatu baada ya maji ya nyasi. Mayai yake inakuja mu kopo, nyingi inatoka ku Great Salt Lake kule Utah, Marekani, ziwa ya chumvi kali. Kulisha watoto wa samaki na artemia ni kitu yenye watu walianza kuandika miaka ya 1930, Seale kule Marekani mwaka 1933, Rollefsen kule Norwe mwaka 1939, na mpaka leo hakuna yenye imeipita. Yangu ndugu moja alinibebea kutoka Johannesburg, bei yake inaumiza kichwa, kwa hiyo kopo inakaa mu frigo, imefungwa kabisa, kila mara natosha nusu ya kijiko kidogo tu.

Nakata chupa ya plastiki ya litri moja na nusu kule chini, naipindua kichwa chini, naweka maji litri moja, chumvi gramu 25 mpaka 30, kwangu ni kijiko ya supu moja na nusu, na bikarbonati kidogo ncha ya kisu. Tiyo ya hewa inaingia mpaka kule chini kabisa ku shingo ya chupa, bila jiwe ya hewa, mapovu makubwa njo muzuri, yai isipate fasi ya kukaa. Na lampi karibu. Maji ikiwa na digri 28, masaa 24 wanatoka. Lakini Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi ya kuvaa koti mbili, ndani ya nyumba maji inashuka chini ya digri 18, na pale unaweza kungojea siku mbili na zaidi na wanatoka nusu nusu. Mi naweka chupa mu karto na lampi ya zamani, ile yenye inapata moto, na kama umeme umeenda naweka karto mu jikoni fasi mbabula ilikuwa inapikia bukari ya mangaribi, ukuta unashika joto masaa mingi. Pompi nilinunua ya kutumia batri, juu delestaji ya usiku moja inatosha kuua chupa nzima, hewa ikisimama wote wanaenda chini wanakosa pumuzi.

Kuvuna: natosha hewa, nazima lampi ya juu, naweka torshi kule chini pembeni, nangojea dakika kumi. Maganda inapanda juu inafanya koti ya rangi ya kahawa, mayai yenye haikupasuka inashuka kabisa ku kifuniko, na katikati, karibu na torshi, wanajikusanya wao, rangi ya chungwa, wingu ya chungwa yenye inacheza. Navuta na tiyo nyembamba mu kitambaa ya soksi ya nailo, nasukutua na maji yenye haina chumvi ili chumvi iondoke, natia. Na unatia mapema, masaa ya kwanza, juu wao nao wanazaliwa na akiba yao ya mafuta, kila saa inapita wanaikula, ukingojea mpaka kesho unalisha samaki ganda tu.

Dakika tano kisha kutia, inama, angalia watoto wa samaki kutoka pembeni. Mwili wao ni kioo, unaona uti, unaona macho, na mu tumbo unaona kidonge ya chungwa. Wenye wamekula wako na kidonge, wenye hawakukula wako weupe. Hakuna daktari atakuambia vizuri kupita vile. Mi nahesabu matumbo kila asubuhi, na wale weupe siku mbili nawatosha na kijiko nawaweka peke yao na maji ya nyasi, juu mara mingi ni wadogo wenye kinywa yao haitoshi, ukiwapatia chakula ya kipimo yao siku mbili wanashika wenzao. Kuko na wengine wanazaliwa hawawezi kuinuka, wanaburuta tumbo chini, kifuko yao ya hewa haikujaa. Hawa, minyoo ya bukari inawasaidia kupata kula, lakini kuponesha hapana, na hilo nimekubali.

Ile ya ine ni moina, ndugu mudogo wa dafnia, kale kadudu kekundu kenye kanaruka ruka. Hii ni ya watoto wa juma mbili tatu, ingawa watoto wake wachanga hata samaki wa siku chache wanaweza. Naichunga ku nje mu bidoni kubwa yenye nilikata juu, maji imesimama mu jua mpaka ikakuwa kijani, na levire kidogo yenye nimeyeyusha mu kikombe. Wakati maisha ni mazuri, moina wote ni majike, wanazaa majike, hawatafute dume. Maisha ikiharibika, chakula inapunguka ao maji inapoa, njo wanafanya madume, na majike wanabeba mayai yenye ganda nyeusi ku mugongo sawa tandiko, ile yenye inavumilia kukauka.

Na hapa niseme kitu ya watu wa Lubumbashi, juu mu mji wetu haiepukike. Mwaka juzi bidoni yangu ilikuwa nyekundu kabisa, moina wamejaa mpaka unachota na kikombe. Tiyo ya hewa ilikuwa inaelea, nikatafuta uzito wa kuishikisha chini, nikaokota ku kipembe ya parseli kipande ya waya ya shaba, nikaizungusha ku tiyo, nikalala. Asubuhi maji ilikuwa safi. Safi ya ajabu. Nainama, chini kuko zulia ya pinki, wote wamekufa, hata moja haitikisike. Shaba. Sisi hapa tumekulia juu ya shaba, babu zetu walifanya misalaba ya shaba ya biashara, shule na barabara za mji zilijengwa juu yake, na kwa moina hata kidogo sana mu maji, kipimo yenye mutu hawezi kuonja, ni sumu. Konokono vilevile. Tangu ile siku maji ya vidudu nachukua ya mvua, naiacha mvua ya kwanza ioshe paa, nakinga ya pili mu plastiki, na kitu ya shaba ao laiton haikaribie. Kama uko karibu na mito yenye inapita mu viwanda, hata usijaribu, chota kwingine.

Wengine wananiuliza juu ya nini niteseke hivi, kuko unga wa samaki ku duka. Unga ni muzuri kwa wakubwa. Lakini mutoto wa dembo eko na haraka, kiziba yake inaweza kukauka kisha miezi michache, kwa hiyo anakula anakua anakula anakua, juma ine mpaka sita na dume anaanza kuvaa rangi. Ukimukosesha juma ya kwanza, hiyo juma hairudi, anabaki kadogo na kichwa kubwa mpaka mwisho. Nililisha fungu mbili mwaka jana, moja mara moja kwa siku, moja mara tatu, na kisha mwezi moja utasema si ndugu.

Sasa tuko hapa. Jana usiku ilinyesha, inswa zilijaa mpaka mu kikombe ya chai. Bokali tatu za nyasi ziko ku baraza, ya kwanza imesafika, nimeangalia na torshi, wingu iko. Kopo ya bukari inang'aa. Chupa ya artemia nimewasha saa kumi na mbili ya asubuhi. Nimefungua sashe moja ya mwezi wa sita, nimetosha mayai tano nimeweka chini ya lupu, na mu kila moja kuko jicho, nyeusi na pete ya zahabu, inaniangalia. Maji ya mvua iko mu basani, sentimeta ine tu, digri 19. Mutoto wa dada yangu ameshakuja na telefone ya mama yake, amekaa chini, anasema, «Yomba, tia basi.»